Deka au vitanda viwili? Mhadhara kwa wazazi wa Kisumu

Bwana mwenyekiti, wazazi wenzangu, mabibi na mabwana, hamjambo. Asanteni kwa kunialika. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Kibuye, na kazi yangu kubwa ni vitanda. Mwenyekiti ameniomba nijibu swali ambalo wazazi wengi huniuliza wakisimama pale barabarani: nina watoto wawili na chumba kimoja, nichukue deka, yaani kitanda cha ghorofa, au vitanda viwili vya kawaida?

Nitatoa jibu kwanza, ili mwenye haraka asiondoke bure. Chumba kikiruhusu, chukua vitanda viwili. Kisiporuhusu, agiza deka inayoachana, ile inayofunguka ikawa vitanda viwili, na mtoto ambaye hajatimiza miaka sita asilale juu. Yatakayofuata ni sababu zake.

Kinachowasukuma watu kwenye deka ni nafasi, basi tuianze hiyo. Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi. Kitanda cha godoro la tatu kwa sita, ukijumlisha mbao zake, kinachukua zaidi kidogo ya futi tatu za upana. Viwili sambamba vinakula futi sita na nusu hivi, na katikati unabaki na futi tatu na zaidi. Hapo watoto wanapita, na meza ndogo ya kusomea inaingia kati ya vichwa viwili. Ukivipanga kimoja ukutani na kingine kikikata kona, unapata uwanja mkubwa zaidi. Tena wengi hawaulizi kama kuna godoro la mbili na nusu kwa sita. Lipo, na mtoto wa shule ya msingi linamtosha kabisa. Vitanda viwili vya namna hiyo vinakuokolea futi nzima.

Kwa hiyo kabla hujaja kwangu, au kwa fundi mwingine yeyote, chukua chaki na futi ya kupimia, uchore vitanda sakafuni. Fungua mlango uone unagonga wapi. Fungua na kabati. Nimeona wazazi wakikata shauri la deka kwa kukisia tu, na chumba kilikuwa na nafasi. Lakini pia najua nyumba za hapa mjini, mitaa ya Manyatta na Nyalenda, ambako chumba ni futi nane kwa tisa na watoto ni watatu. Mzazi wa nyumba hiyo akichagua deka, simlaumu. Watoto watatu kubanana kwenye godoro moja la nne kwa sita, mmoja akikohoa wote hawalali, si afadhali hata kidogo.

Sasa umri. Kule Marekani, sheria ya vitanda vya deka iliyopitishwa mwaka 1999 inamtaka mtengenezaji abandike onyo kwamba kitanda cha juu si cha mtoto aliye chini ya miaka sita. Kanuni za Ulaya zinasema vivyo hivyo. Hawakuutoa umri huo hewani. Watafiti wa huko walipohesabu majeraha yaliyofikishwa hospitalini kati ya 1990 na 2005, walipata wastani wa takriban 36,000 kwa mwaka yaliyotokana na deka, mengi yakiwa ya kuanguka, na karibu nusu ya walioumia walikuwa chini ya miaka sita. Na nyumba nyingi za huko zina zulia zito. Sakafu zetu ni saruji. Kutoka godoro la juu hadi chini ni kama futi tano, na mtoto wa miaka minne akianguka hutangulia na kichwa, kwa sababu ndicho kizito.

Nawasihi msinipe lile jibu ninalopewa kila mara, kwamba wa juu atakuwa mkubwa na mdogo atalala chini. Mdogo halali saa zote. Mchana atapanda, maana kaka yake amepanda. Ndiyo maana nasema ukichagua kitanda, mfikirie kwanza yule mdogo kuliko wote ndani ya nyumba, hata kama si yeye utakayempangia kulala juu. Kama ngazi ni ya kuning'iniza, ing'oe asubuhi uiweke nyuma ya mlango.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari ambayo mzazi haioni dukani. Ni kizuizi cha ubavuni, ile mbao inayomzuia mtoto asibingirike. Kimo chake hakipimwi kutoka kwenye chaga, kinapimwa kutoka juu ya godoro. Wamarekani wanataka kizuizi kizidi godoro kwa inchi tano au zaidi. Ulaya wanataka sentimita 16, yaani inchi sita na kidogo. Sasa sikilizeni kinachotokea kwetu. Fundi anatengeneza deka yenye kizuizi cha inchi kumi juu ya chaga. Kwa godoro la inchi nne ni sawa, zinabaki sita. Lakini mama anampenda mtoto wake, anataka alale vizuri, anakwenda kununua godoro zuri la inchi nane. Zimebaki mbili. Mtoto anageuka usiku na hakuna kinachomzuia. Kitanda ni kilekile na fundi ni yuleyule. Kilichobadilika ni godoro. Kwa hiyo mwambie fundi unene wa godoro kabla hajakata mbao. Kama godoro liko nyumbani tayari, lipime, usikadirie. Kwa kitanda cha juu godoro la inchi nne au tano gumu linatosha. Lile nene mwekee wa chini.

Vizuizi viwe pande zote mbili, hata upande wa ukutani. Najua inaonekana ni mbao ya kupoteza. Lakini kitanda husogea, hasa watoto wakikirukia, kikaacha mwanya kati yake na ukuta. Mtoto mdogo huteleza ndani ya mwanya huo mwili mzima, kichwa kikabaki juu. Ni hatari ya kunyongwa, na haina kelele ya kukuamsha. Ndivyo ilivyo pia kwa nafasi kati ya mbao moja na nyingine. Kipimo unacho mkononi: bana vidole vinne pamoja, hiyo kwa mtu mzima ni kama inchi tatu. Vidole vikipita na nafasi ikabaki, mwanya ni mkubwa mno. Rudisha kitanda kwa fundi aongeze mbao. Asikwambie eti ndiyo mtindo.

Nije kwenye neti, kwa sababu tuko Kisumu. Mkoa huu wa ziwa ni wa malaria mwaka mzima. Katika miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Marekani walijaribu neti zenye dawa hapa jirani, Asembo na Gem, kule Siaya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha vifo vya watoto wadogo vilipungua, na hata boma zisizo na neti zilinufaika zikiwa karibu na zenye neti. Utafiti uliosaidia kuishawishi dunia kuhusu neti ulifanyika kwenye vijiji vyetu. Leo tuna pia chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, lakini chanjo haikuondolei neti.

Basi jiulize, neti utaifungaje kwenye deka? Chini si shida sana. Neti ya pembe nne unaifunga kwenye miguu minne chini ya chaga za juu, na kwa kuwa ni ndefu kuliko nafasi iliyopo, unaingiza ziada yote chini ya godoro. Kazi iko juu. Dari iko karibu, neti inashuka kwa ulegevu, mkono au goti la mtoto linaigusa usiku kucha, na mbu hupenyeza mdomo hapohapo ngozi ilipogusana na neti. Halafu mtoto akishuka kwenda chooni gizani, anaichomoa, na akirudi haingizi tena. Ni nani kati yetu atapanda ngazi saa nane usiku kukagua? Kwenye vitanda viwili vya kawaida, unapita mara moja na tochi ya simu, unaingiza neti kulia, unaingiza kushoto, umemaliza. Kwangu mimi hii peke yake inatosha kuchagua vitanda viwili kwa mji huu.

Anayelazimika kuweka deka, amwambie fundi aongeze nguzo nne nyembamba juu ya miguu ili neti ya juu ikae mraba, mbali na mwili. Kamba zikatwe fupi. Usiache kamba, mshipi wala shali ikining'inia kwenye deka. Watoto hucheza nazo shingoni.

Joto nitalipitia haraka. Hewa moto hupanda, na nyumba yenye mabati bila dari humchoma anayelala juu. Nina wateja wa Nakuru, na huko wala hawalalamiki, usiku wao ni baridi, blanketi mbili. Deka ileile Kisumu mtoto anaishuka usiku wa manane akalale sakafuni, nje ya neti. Na kama una feni ya dari, deka isikaribie kabisa mahali mkono wa mtoto unapoweza kufika.

Chuma au mbao? Vyote vinafaa vikitengenezwa vizuri. Cha chuma, kagua mahali palipochomelewa, na uhakikishe ncha za paipu zimezibwa, kwa sababu kunguni hupenda kujificha humo. Cha mbao, uliza kama zimekauka. Saiprasi mbichi husinyaa, na baada ya miezi michache viungo vyote vinalegea. Kiungo cha mguu na reli, ile mbao ndefu ya ubavuni inayobeba chaga, kiwe cha bolti na nati. Msumari peke yake hapo nakataa. Chaga zikazwe kwa skrubu kila upande, kwa sababu mtoto wa chini atazipiga teke akiwa amelala chali, na chaga iliyolazwa tu itaruka. Dukani, shika mguu wa juu kwa mikono miwili ukitikise kwa nguvu. Kikiyumba pale kikiwa kitupu, kwako kitayumba zaidi.

Kuna mama ameuliza hapo nyuma: mbona shule za bweni zote zina deka? Swali zuri. Kule kuna watoto wengi, na wengi wao wamevuka umri ninaousema. Lakini hata shule zimewekewa masharti. Mwongozo wa usalama wa shule wa Wizara ya Elimu, wa mwaka 2008, unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya kupitia isiyopungua mita mbili, ili watoto watoke haraka moto ukizuka. Nyumbani hakuna mkaguzi anayepima. Basi pima wewe: anayelala juu aweze kushuka na kufika mlangoni bila kuruka kitu. Moshi hujaa juu kwanza, na yeye ndiye atakayeuvuta mapema.

Na baba hapa mbele anataka kujua deka inayoachana ni ipi. Ni vitanda viwili kamili, kila kimoja na miguu yake minne na chaga zake, vimepandishwa. Kichwani mwa kila mguu wa chini kuna tundu, na ndani yake pini ya chuma inayoingia pia kwenye mguu wa juu. Pini iingie inchi mbili kila upande, na kiungo kikazwe kwa bamba la chuma na bolti ili kitanda cha juu kisinyanyuke mtoto wa chini akikisukuma kwa miguu. Siku mkihamia nyumba kubwa, au mdogo akizaliwa, unafungua bamba, watu wawili wananyanyua, una vitanda viwili. Usijaribu kupandisha vitanda viwili vya kawaida ulivyonavyo nyumbani; miguu yake haikukatwa kwa kazi hiyo. Fundi ataomba pesa zaidi kwa pini na bamba. Mlipe, na uagize mapema, kwa sababu tundu hutobolewa kabla miguu haijaunganishwa na reli. Kitanda kikishaunganishwa, kulitoboa likiwa limenyooka ni vigumu mno.