Reli Inayojengwa Upya Kila Toleo Jipya

NJERI: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo hatuna mgeni. Mwenzangu ana jambo limemkaa rohoni, nikamwambia alilete hapa tulizungumze. Baraka, hujambo?

BARAKA: Sijambo, Njeri. Nina hasira, lakini nitajieleza kwa utaratibu.

NJERI: Wasikilizaji wengine hawajui kwamba ukitoka kazini unaendesha treni. Waeleze kwanza.

BARAKA: Ninatumia simuleta ya treni kwenye kompyuta. Unakaa kwenye kiti cha dereva, unashika breki, unasoma taa za ishara, unafuata ratiba. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wanaijua. Sehemu ya pili, na kwangu mimi ndiyo kubwa, ni kujenga njia yenyewe. Programu inakupa vifaa vya kutandika reli, kuinua milima, kupanda miti na kuweka stesheni. Mimi ninajenga reli yetu ya zamani, ile ya upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Inaanza stesheni ya Nairobi, inapita Kibera, Dagoretti, Kikuyu, Muguga, inafika Limuru, halafu inateremka Bonde la Ufa kuelekea Naivasha.

NJERI: Ningedhani ungejenga ya Madaraka Express. Ndiyo watu wanayopanda siku hizi.

BARAKA: SGR, hiyo reli mpya ya Madaraka Express, ina watu wake, na wanaoijenga kwenye kompyuta nawaheshimu. Lakini ile ni ya milimita 1,435, upana ambao programu zote zinaujua tayari, na imenyooshwa kwa madaraja. Reli ya zamani inafuata mlima. Stesheni ya Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru imepita 2,200. Treni inapanda zaidi ya nusu kilomita, inajipinda, inajipinda tena, halafu inafika ukingo wa bonde na ardhi yote inaisha mbele yako. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899. Walipofika ukingo ule ilibidi washushe mabehewa kwa kamba za waya huku njia ya kudumu ikiendelea kujengwa. Ukitandika kipande hicho mwenyewe, mpindo baada ya mpindo, unaelewa ni kwa nini walihangaika hivyo.

NJERI: Na milima unaitoa wapi? Huichongi kwa kukisia?

BARAKA: La. Mwaka 2000 NASA ilipima urefu wa ardhi karibu ya dunia nzima kwa rada, chombo cha anga kikiwa kinazunguka juu. Data hiyo ni ya bure. Unaiingiza kwenye programu, na Bonde la Ufa linajitokeza lenyewe. Lakini data haikuonyeshi tuta la reli, haikuonyeshi kalvati, haikuonyeshi mahali njia imechimbwa katikati ya kilima. Hayo ni lazima uende uyaone. Ndiyo maana Jumamosi nyingine utanikuta Kikuyu nimesimama kando ya reli na kamera, watu wanadhani napima shamba la mtu.

NJERI: Haya, sasa tufike kwenye hasira.

BARAKA: Programu ninayotumia sitaitaja jina, maana sitaki tuanze kurushiana maneno na mashabiki wake. Jioni moja nimewasha kompyuta, naona imejisasisha. Toleo jipya, taa nzuri zaidi, mawingu yanatembea, maji yanang'aa. Nikafungua njia yangu. Nikaenda Kikuyu. Mataruma yamepanda juu ya reli. Unaona mbao zimekaa juu, chuma kimezama chini, na magurudumu ya behewa yamefukiwa hadi katikati. Taa za jukwaani zinawaka saa sita mchana. Ishara ya kuingilia stesheni, ile niliyoandikia maelekezo yake mwenyewe ili ishike nyekundu mpaka njia ipangwe, haionyeshi chochote. Nguzo ipo, taa haina rangi.

NJERI: Pole sana. Na haya yote yanatokana na nini? Kwa sababu wewe hukugusa kitu.

BARAKA: Reli ya mita moja haikuwemo kwenye programu, kwa hiyo umbo lake nililitengeneza mimi. Toleo jipya limebadilisha namna ya kukokotoa kimo cha reli juu ya tuta. Reli zao za kawaida wamezirekebisha, zangu hawazijui. Taa ni hivyo hivyo: wamebadilisha hesabu ya mwanga, na kila picha niliyoipaka kwenye ukuta au nguzo ilipimwa kwa mwanga wa zamani. Ishara nazo zilitegemea amri ambazo wameziondoa na kuweka nyingine. Hakuna aliyekusudia kuniharibia. Lakini hakuna aliyekumbuka kwamba nipo.

NJERI: Na treni zenyewe?

BARAKA: Hapo ndipo nilipokaa kimya. Wasikilizaji, kama hamjawahi kwenda makumbusho ya reli pale karibu na stesheni ya Nairobi, nendeni. Kuna kichwa cha treni cha mvuke kinaitwa Mount Gelai, namba 5918. Ni Garratt, aina ya kichwa kirefu kinachojikunja kwenye mipindo, wa daraja la 59. Beyer Peacock wa Manchester walitengeneza vichwa 34 vya aina hiyo mwaka 1955 na 1956, na vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kina zaidi ya tani 250. Tangi la maji liko mbele, mafuta nyuma, na boila imebebwa katikati, ndiyo maana dubwana la namna ile liliweza kupita kwenye mipindo yetu. Nimekitengeneza kwenye kompyuta kwa kukizunguka na kamera na kuzipitia picha moja moja, mpaka ngazi za kupandia kwa dereva.

NJERI: Na kazi yake ilikuwa Limuru?

BARAKA: Kazi yake kubwa ilikuwa Mombasa hadi Nairobi. Mimi nakipeleka Limuru kwa sababu ndiyo njia niliyonayo, na ni kipimo kizuri. Basi, kabla ya sasisho, nilikuwa nimekaa na ule mzigo hadi nikajua ni mabehewa mangapi kinaweza kuvuta kupanda Muguga bila kuteleza, na reli ikiwa na unyevu wa asubuhi ni lazima umwage mchanga wapi ili magurudumu yashike. Ulikuwa ujuzi wa mikono. Baada ya sasisho, treni ile ile, mabehewa yale yale, inasimama Muguga magurudumu yanazunguka bure. Wamebadilisha hesabu ya mshikano wa gurudumu na reli. Pengine hesabu mpya ni sahihi kuliko ya zamani, mimi sipingi. Ila hawakuacha mahali pa kusema: hiki kichwa kilipimwa kwa hesabu ya kwanza, kihesabieni hivyo.

NJERI: Nikuulize kama mtu wa nje. Hao wanaotengeneza nao wana mishahara ya kulipa. Wasipotoa kitu kipya, pesa inatoka wapi?

BARAKA: Swali la haki. Na si pesa tu, kuna masasisho ambayo ni lazima. Simuleta za zamani zilikuwa za biti 32, na programu ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu. Ukijenga stesheni yenye majengo mengi, programu inajaa na kuanguka. Kuhamia biti 64 kulikuwa wokovu, nilishangilia kama wengine. Lakini tazama mwendo wa soko. Train Sim World, ambayo si ninayotumia mimi, toleo la 2 lilitoka 2020, la 3 likatoka 2022, la 4 mwaka 2023, la 5 mwaka 2024. Na niseme kweli, wale waliruhusu njia nyingi za zamani zihamie kwenye matoleo mapya. Kwa anayenunua njia na kuendesha, mwendo huo anaweza kuumudu. Kwa anayejenga, miezi ya kwanza ya kila toleo inakwenda kwenye kutengeneza vitu ambavyo vilikuwa vizima. Ni kama mwenye nyumba abomoe ukuta ukiwa kazini, urudi jioni akwambie amekupanulia sebule, na vyombo vyako viko nje.

NJERI: Halafu hapa kwetu kuna bando.

BARAKA: Hilo wenzetu wa Ulaya hawalioni kabisa. Sasisho la gigabaiti kadhaa, wao wanalala, asubuhi limeshashuka. Hapa mtu anapakua kwa simu, anahesabu. Stima ikipotea katikati, kuna programu zinazoanza kupakua upya tangu mwanzo. Na kompyuta zenyewe, wengi wetu tunanunua za mitumba Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme hapa Nairobi. Ilikuwa mashine nzuri, fundi kaongeza kumbukumbu, inaendesha treni bila shida. Toleo jipya linataka kadi ya picha ambayo bei yake inazidi kompyuta nzima. Juu ya hapo, Windows 10 ilifika mwisho wa kusaidiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama, TPM 2.0, pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Kwa hiyo kijana wa Githurai aliyeanza kujenga reli ya kwao anasukumwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

NJERI: Wapo vijana wanaofanya hivi?

BARAKA: Wapo, na ndio ninaowaonea uchungu. Mimi nitavumilia. Kijana akiona stesheni aliyoijenga likizo nzima imefukiwa siku moja, haanzi tena. Anaacha. Na alikuwa akijenga kitu ambacho hakuna kampuni ya Ulaya itakijenga kwa niaba yetu.

NJERI: Sasa umefanya nini? Maana sikuoni ukiwa umekata tamaa.

BARAKA: Sikukata. Kwanza nilifanya ambalo kila mjenzi anapaswa kulifanya mapema: nikazima masasisho ya moja kwa moja na kuweka nakala ya toleo la zamani kwenye diski ya pembeni, programu pamoja na njia. Halafu nikaanza kuhamisha kazi kwenda Open Rails.

NJERI: Hiyo ni nini?

BARAKA: Inabidi nirudi nyuma kidogo, na hii sehemu naipenda. Mwaka 2001 Microsoft walitoa Train Simulator, iliyotengenezwa na Kuju wa Uingereza. Ilikuja na njia sita, moja ikipita Settle na Carlisle kule Uingereza, nyingine milima ya Alpu ya Austria. Toleo la pili lilipangwa, likafutwa, na mwaka 2009 studio iliyokuwa ikilitengeneza ikafungwa. Ungedhani mambo yaliishia hapo. Kumbe kwa vile hakuna aliyeigusa tena, muundo wa mafaili yake ulitulia. Watu wakaendelea kujenga njia juu yake, maelfu ya vichwa na mabehewa. Halafu watu wa kujitolea wakaandika Open Rails, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi, kwa ajili ya kuendesha njia hizo hizo kwenye kompyuta za leo.

NJERI: Yaani programu iliyoachwa ndiyo iliyodumu.

BARAKA: Ndiyo iliyojengewa. Na Open Rails nayo inasasishwa, tena sana. Hesabu za mvuke zimeboreshwa, breki zimeboreshwa. Lakini wameshikilia kwamba kazi ya zamani iendelee kufunguka. Ukitaka mambo mapya unaongeza mistari yako, usipotaka unaacha. Na faili la kichwa cha treni ni maandishi tu. Nafungua Garratt wangu kwa Notepad, naona uzito huu hapa, kipenyo cha gurudumu hiki hapa, nguvu ya breki hii hapa. Nikibadilisha namba, najua nimebadilisha nini. Hata kompyuta ikifa kesho, mtu akilisoma faili lile ataelewa nilikuwa najenga nini.

NJERI: Na sura yake? Mawingu yanatembea?

BARAKA: Sura si nzuri kama ile nyingine, na sitadanganya. Kivuli cha miti pale Dagoretti kinanikera. Lakini mataruma yako chini ya reli.

NJERI: Na ile kampuni usiyoitaja, ungeketi nao ungewaambia nini?

BARAKA: Ningewaomba mambo ambayo yanawezekana. Toleo la zamani libaki likipatikana, mtu achague. Sasisho likija, lieleze kwa maandishi limegusa nini kwa wajenzi, si mawingu tu. Na wanapobadilisha hesabu, waweke alama ya toleo kwenye kila kitu kilichojengwa, programu ikiona alama ya zamani itumie hesabu ya zamani. Wanajua kufanya hivyo. Ni uamuzi tu.

NJERI: Wakifanya hivyo utarudi?

BARAKA: Nitarudi kwa ajili ya usiku. Open Rails haijanipa Nairobi ya usiku ninayoitaka. Ila njia ya Limuru itabaki kwenye mafaili ninayoweza kuyasoma. Sasa hivi nimekwama Muguga, jengo la stesheni. Kuna upande wa nyuma ambao sijapata picha yake ya zamani hata moja. Msikilizaji, kama babu yako alifanya kazi ya relwe na kuna albamu nyumbani, tazama nyuma ya watu waliosimama. Mimi nahitaji paa na madirisha tu.

NJERI: Mmesikia. Mtu mwenye picha ya Muguga atuandikie, nami nitahakikisha Baraka ameipata.