Himoglobini Inavyoumiza Mishipa ya Ubongo Baada ya Damu Kuvuja

(Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wauguzi, maafisa wa kliniki na jamaa za wagonjwa)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nitakwenda moja kwa moja, maana wenzetu wa Likoni wana feri ya kuwahi.

Kivimbe kwenye ateri ya ubongo kinapasuka, damu inamwagika katika maji yanayouzunguka ubongo. Kichwa kinauma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, shingo inakakamaa. Mgonjwa akiwahi hospitali, kivimbe kinazibwa kwa klipu (kibanio) au kwa koili (waya mwembamba uliojikunja). Jamaa wanashusha pumzi. Mgonjwa anakula, anaongea. Siku ya 7 mkono unalegea, maneno yanamtatiza, na skani haionyeshi damu mpya.

Tatizo ni damu ile ile ya siku ya kwanza. Chembe nyekundu zikiwa nzima madhara yake si makubwa. Zikikaa nje ya mshipa huanza kupasuka, na himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, ikamwagika ndani ya maji ya ubongo. Ndiyo sababu kipindi cha hatari ni takriban siku ya 4 hadi ya 14. Na ndiyo sababu maji ya uti wa mgongo, yakitolewa saa 12 au zaidi baada ya tukio, huwa ya manjano: ile ni bilirubini, mabaki ya himoglobini.

Ndani ya mishipa, himoglobini iliyotoroka hudakwa na protini iitwayo haptoglobini, kisha makrofaji, seli zinazosafisha mwili, huzimeza zote mbili. Kwenye maji ya ubongo haptoglobini ni haba mno, humalizika upesi. Himoglobini iliyobaki hugawanyika nusu kwa nusu, na nusu hizo ni ndogo kiasi cha kupenya ukuta wa mshipa hadi kwenye misuli yake. Huko ndiko kwenye nitriki oksaidi, gesi inayoiambia misuli ilegee. Himoglobini yenye oksijeni huinyakua na kuigeuza kuwa naitreti, yenyewe ikawa methimoglobini. Misuli ikikosa gesi ile, inabana.

Haiishii hapo. Methimoglobini huachia hemu, kile kipande chake chenye chuma, kwa urahisi, hemu huharibu tando za seli, na ikivunjwa hutoa chuma. Chuma kikikutana na hidrojeni peroksaidi huzalisha radikali, yaani molekuli kali zinazounguza ukuta wa mshipa.

Lakini tusidanganyike kwamba kubana kwa ateri kubwa ndiyo habari yote. Dawa ya clazosentan, inayozuia endothelini (kemikali ya mwili inayobana mishipa), ilipunguza kubana kwenye picha, ila wagonjwa hawakupona vizuri zaidi. Mishipa midogo, vidonge vidogo vya damu iliyoganda, na mawimbi ya umeme yanayolizima gamba la ubongo, vyote vimo.

Dawa ya nimodipini, kinyume chake, husaidia ingawa haifungui sana ateri kubwa. Ni mg 60 kila saa 4 kwa siku 21, kwa mdomo. Dozi ya saa nane usiku ndiyo inayorukwa, mwamsheni mgonjwa. Presha ikishuka, daktari anaweza kuigawa iwe mg 30 kila saa 2. Asiyeweza kumeza, dawa ya ndani ya kapsuli hufyonzwa kwa bomba la sindano la dawa za kunywa, ikapitishwa kwenye mpira wa puani, kisha mpira ukasukumwa kwa ml 30 za maji ya chumvi. Bomba liandikwe wazi: SI YA MSHIPANI. Dawa ya kapsuli ikidungwa mshipani huua, na imeshaua. Na jamaa, msimletee balungi kutoka soko la Kongowea. Huipandisha dawa hii damuni.

Sodiamu ikishuka, msikimbilie kumnyima maji. Mara nyingi figo zinapoteza chumvi pamoja na maji, na mgonjwa aliyekauka ndiye anayepata kiharusi cha pili.

Ndugu mmoja ameuliza: kwa nini damu hiyo isitolewe tu? Swali zuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulijaribu jambo hilo: mrija mwembamba kiunoni, ukitoa maji ml 5 kwa saa, kivimbe kikiwa kimeshazibwa. Baada ya miezi 6, matokeo mabaya, yaani ulemavu mkubwa au kifo, yalikuwa machache zaidi kwa waliowekewa mrija. Kasi hiyo isizidishwe kienyeji. Maji yakitoka mengi kwa pupa ubongo huvutwa chini, na kama kuna uvimbe unaosukuma ubongo upande mmoja, mrija wa kiunoni hauwekwi kabisa.