Kuifunga Ruta ya Nyumbani na Kuwasha Ukuta Wake wa Moto

Karibu, ndugu mtazamaji. Ruta hii iliyopo mezani ndiyo mlango wa vifaa vya nyumba hii kuelekea kwenye intaneti, na leo tunaufunga sawasawa. Chomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, fungua kivinjari, andika 192.168.1.1, kisha ingia kwa jina na nywila zilizo kwenye kibandiko.

Ukurasa umegoma kufunguka, kama unavyoona. Kompyuta bado imeshika intaneti ya simu yangu; ninaikata, ninajaribu tena, na sasa umefunguka. Baadhi ya ruta hutumia 192.168.0.1, hivyo soma kibandiko kwanza.

Badilisha nywila ya msimamizi kabla ya jambo lingine lolote. Hii siyo nywila ya waifai unayowapa wageni, bali ni ya kuingilia kwenye mipangilio, na wengi hawaigusi miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Mimi hupendelea maneno matano ya Kiswahili yasiyohusiana, na huyaandika daftarini.

Sasa tunasasisha programu ya ndani ya ruta, na hapa naomba tutulie. Usianze wakati umeme wa kwenu unakatika-katika. Ruta yangu ya kwanza ilikufa hivyo: umeme ulikatika katikati ya kazi hii, na haikuwaka tena. Tangu hapo huichomeka kwenye betri ya akiba. Taa zitazimika na kuwaka, usiiguse. Unaona mstari umesimama? Usiizime, hata kama unadhani imekwama. Tunangoja. Haya, imewaka yenyewe.

Kwenye waifai weka nywila mpya, kisha chagua aina ya ulinzi iitwayo WPA3, au ile ya awali, WPA2, yenye usimbaji wa AES, iwapo simu zenu ni za zamani. Zima WPS, yaani njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwenye waifai bila kuandika nywila, kwa sababu mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba ya siri ya WPS yenye tarakimu 8 hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo mvamizi hahitaji kubahatisha zaidi ya mara 11,000.

Ukuta wa moto uwe umewashwa: hupitisha majibu ya mawasiliano yaliyoanzishwa na vifaa vya ndani, na huzuia yanayobisha hodi kutoka nje bila kuitwa. Zima pia usimamizi kutoka nje, yaani kuingia kwenye mipangilio ya ruta kupitia intaneti, pamoja na huduma ya UPnP, ambayo huviruhusu vifaa kujitobolea matundu kwenye ukuta huo bila kukuuliza. Mchezo wa watoto ukigoma, fungua tundu hilo moja tu kwa mkono wako.

Washa mtandao wa wageni, uhamishie humo runinga na kamera, kisha hifadhi na uunganishe simu yako kwa nywila mpya ya waifai.