Kukereza Bakuli la Mninga, Kuanzia Gogo hadi Kupaka Nta

Ndugu watazamaji, karibuni karakanani hapa Tabora. Leo tunakereza bakuli la mninga lenye upana wa sentimita 25, litakalopendeza mezani na kupakuliwa chakula kila siku.

Nunueni gogo kwa mwenye leseni ya mazao ya misitu. Lipasueni katikati na kuondoa moyo wa mti, kwa kuwa nyufa nyingi huanzia hapo. Ondoeni pia sehemu nyeupe ya pembeni, ambayo wadudu huitoboa upesi. Wapo mafundi wanaoiacha kwa ajili ya urembo, lakini kwa bakuli la chakula mimi siiachi.

Vaeni kinga ya uso na barakoa, kwani vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Fungeni kipande kwenye mashine ya kukerezea, kizungusheni kwanza kwa mkono mhakikishe hakigusi kiegemeo, yaani pale tunapoegesha kifaa cha kukatia, kisha anzeni na mwendo wa taratibu, kama mizunguko 500 kwa dakika. Tazameni bobari yangu, yaani patasi yenye makali ya mviringo: mgongo wake unatangulia kugusa mti, ndipo makali yanafuata. Kwa nje ninakata kutoka kitakoni kwenda mdomoni. Kwa ndani ninatoka mdomoni kwenda chini. Mkikata kinyume chake, nyuzi za mti zitang'oka na kuacha uso wenye makovu.

Mti ukiwa mbichi, msimalize kazi leo. Acheni ukuta wenye unene wa sentimita 2.5, yaani sehemu moja ya kumi ya upana, ili bakuli lipate nafasi ya kujipinda bila kuharibika. Pakeni nta pale nyuzi zilipokatwa, kisha lifukieni kwa maranda yake ndani ya mfuko wa karatasi, kivulini. Hapa kwetu, kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ni kavu mno, na bakuli lililoachwa wazi hupasuka. Lipimeni uzito kila wiki, na uzito ukiacha kupungua, lirudisheni kwenye mashine.

Sasa punguzeni ukuta hadi milimita 8, na chini mbakize sentimita moja ili bakuli litulie. Ndani mkunjo ushuke mfululizo bila kona, maana mchuzi hung'ang'ania penye kona. Nakshi sipendi kuiweka ndani; ninachora mifuo miwili nje, chini kidogo ya mdomo, mahali vidole vinaposhika, ili urembo huo usaidie bakuli lisiteleze.

Pigeni msasa kuanzia namba 120 hadi 320, kateni kishikio cha kitako, pale mashine iliposhika, kisha kichimbeni kitako kidogo katikati ili bakuli lisiyumbe. Mwisho pakeni nta ya nyuki, ambayo warina asali wa Tabora wanayo na ambayo haichachi kama mafuta ya kupikia. Bakuli lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kufutwa papo hapo, wala lisilowekwe kwenye beseni.