Neno lilikuwa darubini

ZUHURA: Karibuni tena, wapendwa. Wiki iliyopita hatukusikika, na sababu mnaijua, maana Bakari amemtangazia kila mwenye simu.

BAKARI: Binti! Jumanne alfajiri. Mama mzima, mtoto mzima. Mimi ndiye sijalala.

ZUHURA: Hongera, kaka. Na wifi yangu hongera mara mbili. Sasa, leo tuna maswali sita ya kumuuliza mkunga kuhusu kupunguza uchungu wa kujifungua. Bakari kayaandika kwenye daftari lake.

BAKARI: Lile la kijani.

ZUHURA: Lile lile. Ila kabla ya maswali, waeleze habari ya neno.

BAKARI: Nilijua utaanzia hapo. Tangu mimba ina miezi saba, mke wangu alisema hataki sindano ya mgongo, ile ya ganzi. Alitaka kutembea, kukaa kwenye maji ya uvuguvugu, kukandwa kiuno, na ikibidi avute gesi. Lakini akaniambia, "Najijua. Uchungu ukipanda nitaomba chochote. Nikiomba tu, wewe nitie moyo. Nikiwa nimeamua kweli, nitasema neno." Neno likawa darubini.

ZUHURA: Kwa nini darubini jamani?

BAKARI: Kwa sababu hakuna anayeitaja leba kwa bahati mbaya. Tulianza na "basi". Likakataliwa palepale.

ZUHURA: Mwenye uchungu anasema basi kila baada ya dakika mbili!

BAKARI: Ndiyo hivyo. "Mlango", mkunga angeenda kuufunga. "Mama", hilo ndilo wimbo wa chumba kizima.

ZUHURA: Mimi ningechukua "kinyonga".

BAKARI: Saa tisa za usiku, mtu ana usingizi, wewe unaita "kinyonga", yeye anasikia "mkunga".

ZUHURA: Na kwani mkunga akija kuna hasara? Haya, endelea.

BAKARI: Saa za mwanzo alikwenda vizuri sana. Gesi ilimsaidia, na hapa niseme kitu: tulikuwa tunaivuta vibaya. Alikuwa anangoja maumivu yawe juu ndipo ashike barakoa. Mkunga akatufundisha kwamba ile gesi, nusu oksijeni nusu nitrasi oksaidi, inachukua kama nusu dakika kufika. Unavuta mkazo unapoanza tu, ili kilele kikukute tayari. Na anaishika mama mwenyewe, ikimlewesha mkono unashuka. Mimi nilitaka kumshikia, nikaondolewa mkono.

ZUHURA: Vizuri sana walivyokuondoa.

BAKARI: Halafu njia ya mtoto ikafunguka kufika sentimita 7, na mambo yakabadilika. Akaniangalia, akasema, "Nataka sindano." Nikamwambia unaweza, mke wangu. Akasema tena. Mimi nasubiri darubini.

ZUHURA: Kwa muda gani, Bakari?

BAKARI: Mikazo minne, mitano hivi. Mpaka mkunga akanipita, akainama kwake, akamuuliza yeye, si mimi, "Unataka?" Akasema ndiyo. Daktari wa ganzi akaja, akamkalisha ameinama, mrija mwembamba ukaingia mgongoni. Kama dakika ishirini hivi, uso ukarudi kuwa wake. Akanishika mkono, akasema, "Darubini! Neno lilikuwa darubini!"

ZUHURA: Nimesikia hii mara tatu na bado nacheka. Lakini nikimaliza kucheka, kaka yangu, nakasirika.

BAKARI: Najua.

ZUHURA: Mtu amesema nataka sindano. Hayo ni maneno mawili, yanaeleweka, hayana fumbo. Wewe unasubiri la tatu! Maneno yanapotea pale. Mimi kwa mtoto wa kwanza nilisahau jina la baba yangu. Nilidungwa pethidini, ile dawa kali ya maumivu, uchungu haukuondoka, niliyeondoka ni mimi. Ungeniomba neno la siri ungengoja mpaka mtoto aanze shule.

BAKARI: Lakini lile sharti si langu. Aliliweka yeye, akiwa ametulia, anajua nini anakipenda. Ningevunja mara ya kwanza tu anapolia, basi kumsikiliza kwangu miezi yote ile kulikuwa na maana gani?

ZUHURA: Aliyeliweka hakuwa na uchungu. Aliyeomba alikuwa nao. Mimi namsikiliza aliye kitandani.

BAKARI: Ni mtu mmoja, Zuhura.

ZUHURA: Ndiyo, na ana haki ya kubadili nia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema sindano ya mgongo ni kwa mjamzito mwenye afya anayeomba, kulingana na apendavyo. Anayeomba! Malkia Victoria alizaa saba bila dawa. Wa nane, mwaka 1853, akavuta klorofomu, dawa ya usingizi, kwenye kitambaa, daktari John Snow akimdondoshea matone, na baadaye akaisifu kwenye shajara yake. Kuna aliyemuuliza mbona wale saba uliweza?

BAKARI: Victoria alikuwa ameshazaa mara saba, anaujua uchungu. Wangu ni wa kwanza, alikuwa anajikinga na hofu yake mwenyewe. Na sindano ina mambo yake. Presha inaweza kushuka, miguu inakuwa mizito, kusukuma kunaweza kurefuka, wachache wanapata kichwa kikali kwa siku kadhaa. Alikuwa ameyapima hayo yote.

ZUHURA: Sikatai. Ila usiwatishe watu, sindano haiongezi upasuaji, hilo limechunguzwa sana.

BAKARI: Sijasema upasuaji.

ZUHURA: Najua, nawaambia wanaosikiliza. Mimi nauliza mikazo minne ile ilikuwa ya nani. Haikuwa yako.

BAKARI: Haikuwa yangu. Na bado, akiniwekea sharti lile kwa mtoto wa pili, nitalishika.

ZUHURA: Basi mimi nitakuwepo mlangoni.

BAKARI: Njoo. Ila ujue neno.

ZUHURA: Sihitaji neno! Yeye mwenyewe anasemaje? Umemuuliza kama ulikosea?

BAKARI: Nilimuuliza juzi usiku. Akanitazama kidogo, akasema, "Nipe huo mto, mtoto anataka kunyonya."

ZUHURA: Hilo si jibu.

BAKARI: Mimi nimelichukua kama jibu.

ZUHURA: Wewe! Naambiwa zimebaki dakika mbili. Maswali sita hayo hatujagusa hata moja.

BAKARI: Nisome upesi? La kwanza: daktari wa ganzi yupo usiku, au anaitwa kutoka nyumbani?

ZUHURA: Hilo ni zito, watu hudhani yupo tu, kumbe pengine hakuna kabisa. La pili?

BAKARI: Pethidini mnaacha kuitoa lini, kwa sababu mtoto akizaliwa muda mfupi baadaye anaweza kuwa mzito wa kupumua.

ZUHURA: La kwangu hilo, nililijua nimeshadungwa. Hili tungelikalia nusu saa.

BAKARI: La tatu ni refu.

ZUHURA: Liache. Funga daftari, nenda nyumbani ukampokee wifi mtoto alale. Na Bakari, muulize tena.