Maiti ya Nyota Inapolipuka

Assalamu alaykum, wazee wangu, ndugu zangu, nanyi wanafunzi mliotoka skuli zote za Chake Chake.

Hebu tazameni juu ya mnazi ule. Hiyo inayong'aa kuliko zote ni Shi'ra. Wengi wenu mmelijua jina lake tangu chuoni. Ubavuni mwake ipo nyota nyengine, haionekani kwa macho matupu. Darubini iliinasa mwaka 1862. Hiyo ni kibete cheupe, maiti ya nyota iliyomaliza kuni zake. Ina uzito wa Jua zima, lakini ukubwa wake haupiti Dunia. Kijiko kimoja cha chai cha mada yake kingefika tani kumi.

Mwaka 1930 kijana wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli kutoka India kwenda kusoma Uingereza. Humo melini, akikata maji ya bahari yetu hii hii, akapiga hesabu: kibete cheupe kina kikomo cha kubeba, na leo tunakijua kuwa takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua. Kikipakiwa mzigo mpaka kikafikia hapo, hulipuka. Kila nikilikumbuka hilo nasisimka.

Sasa, nani anampakia maiti mzigo? Hapo wataalamu wanabishana mpaka leo. Wapo wasemao hunyonya gesi ya nyota jirani iliyo hai. Wengine husema ni vibete viwili, vinazungukana na kusogeleana mpaka vinagongana. Mimi naegemea hao wa pili. Mwaka 2011 kibete kililipuka katika galaksi ya M101, mji mwengine wa nyota, umbali ambao nuru huusafiri kwa miaka milioni 21 hivi. Wataalamu wakapekua picha za zamani za pahala pale: lingekuwapo pembeni jitu jekundu, yaani nyota kubwa iliyovimba ya kunyonywa, lingeonekana. Halikuwapo. Nakiri, jirani mdogo angeweza kujificha.

Kikilipuka, kaboni na oksijeni huungua kwa sekunde chache. Huzaliwa nikeli, ikageuka kobalti, kobalti ikageuka chuma. Sehemu kubwa ya chuma cha ulimwengu kimepikwa hivyo: cha panga la shamba la mikarafuu, na kile kilichomo katika damu ya mama mjamzito.

Naam, mwanangu wa mbele, nimekusikia. Unauliza kama cha Shi'ra nacho kitalipuka. Hapana, usiogope. Kiko mbali na mwenzake, mzunguko wao mmoja huchukua miaka 50, na kwa sasa hakimnyonyi chochote.