Jua la Machi, jua la Oktoba: joto la Mombasa linatoka wapi?

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kabla sijaanza, nina chupa mbili hapa mezani. Zote zina maji ya mfereji, zote nimezivisha soksi nilizozirowesha. Hii naiweka mbele ya feni. Ile ya pili naifungia ndani ya ndoo yenye kifuniko. Tuziache hapo, tutazirudia.

Mtu wa bara ukimuuliza habari za Mombasa atakwambia: joto tu, Januari mpaka Disemba. Na ukitazama hesabu, kama kwamba ana haki. Mwezi wa tatu mchana hufika wastani wa nyuzi 33 hivi. Mwezi wa saba ni 28 kasoro. Basi, nyuzi tano! Hata mchana na usiku wa siku moja hupishana zaidi ya hapo. Lakini sisi tunajua kwamba Julai, alfajiri, abiria wa bodaboda anayetoka Kisauni amejifunika sweta na kofia ya sufu, huku Mjerumani yuko baharini anaogelea. Hapo hakuna mwongo. Kila mwili na ulivyozoea.

Sasa nina kitendawili. Sisi tuko nyuzi 4 za latitudo kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 10 Machi, na tena siku za mwanzo za Oktoba. Machi, simama uwanjani saa sita na nusu hivi, utakikuta kivuli chako chote kimejificha chini ya nyayo. Oktoba ni vivyo hivyo, ila mapema kidogo, saa sita na dakika kumi hivi. Jua ni lile lile, utosi ni ule ule. Mbona Machi tunalala sakafuni na Oktoba tunalala kitandani? Mbona Oktoba mchana ni kama 30 tu?

Muulize nahodha, usiniulize mimi. Atakwambia Oktoba imetoka katika kusi, upepo wa kusini, na Machi imetoka katika kaskazi, upepo wa kaskazini. Kusi hutujia kutoka kusini ya Bahari ya Hindi, kule ambako Juni na Julai ndiyo kipupwe chao, na husukuma bahari miezi mitano. Kufikia Agosti maji yetu yameshuka mpaka nyuzi 25 hivi. Maji nayo ni mazito kupata moto: kilo moja ya maji hutaka joto takriban mara tano ya lile linalotosha kilo ya mchanga mkavu. Ndiyo maana mchanga wa ufuoni unakuchoma nyayo saa nane mchana, na hatua kumi mbele maji ni baridi. Jua la Oktoba linaikuta bahari ambayo bado haijasahau kusi. Jua la Machi linaikuta bahari iliyochemka tangu Disemba, iko karibu nyuzi 29, na halina la kufanya ila kuongeza. (Bahari ikipitiliza hapo mambo huwa mabaya, mwaka 1998 matumbawe yetu yalipauka na mengi yakafa.)

Lakini nyuzi si kitu peke yake. Januari na Februari kuna joto, ila kaskazi inavuma, nguo zinakauka, jasho linakauka. Taabu ni pale kaskazi inapokufa na kusi haijashika. Mabaharia wanaiita tanga mbili, kwa kuwa upepo hauna msimamo. Bahari moto inatoa mvuke, hewa imesimama, jasho linatiririka wala haliendi popote. Hilo ndilo fukuto. Na usiku hukaa kwenye nyuzi 24 hivi, wakati Agosti unafika 20. Mimi naona mtu wa Mombasa hashindwi na mchana, anashindwa na usiku: kuta zinatema joto zililolimeza tangu asubuhi, na mtoto analia.

Jambo jingine, na hili linanikera. Ile namba ya joto inayosomwa redioni imepimwa kiwanja cha ndege, upande wa Port Reitz, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kivulini, juu ya nyasi. Ni kipimo sahihi cha hewa. Si kipimo cha chumba chako chini ya mabati. Wazee wa Mji wa Kale walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wakabana vichochoro ili nyumba zitiliane kivuli. Nyumba ya makuti nayo inapumua. Sisi tumeleta zege jembamba, madirisha ya vioo yasiyofunguka, halafu tunalalamika bili ya stima ya kiyoyozi. Samahani kama kuna mkandarasi humu ndani.

Haya, chupa zetu. Mama uliyekaa mbele, tafadhali njoo. Shika hii ya feni kwanza. Sasa ya ndani ya ndoo. Ipi baridi?

Ya feni. Kwa kiasi gani?

Amesema “kidogo tu”. Ndiyo, kidogo tu, kwa sababu hewa ya leo imeshiba maji, soksi haipati pa kumwaga mvuke wake. Ngozi zenu ndizo hizo soksi. Mlango ule wa upande wa bahari, nani ameufunga? Mfungulieni upepo kwanza, kisha tuanze maswali.